Gramu Ishirini na Nyongeza Yake

Tulimzika Mwalimu Mbugua nyuma ya nyumba yake Kiamunyi, kando ya miparachichi aliyoipanda mwenyewe, na mvua ikangoja mpaka tumalize, jambo ambalo ni heshima kubwa kutoka kwa mvua ya huku kwetu. Mimi nilikaa kiti cha mbele. Hakuna aliyenipa, nilikikalia tu, na mjukuu wangu Wambui akawa ananivuta leso akininong'oneza, "Shosho, hapa ni pa familia." Nikamwambia familia nayo ijifunze kufika mapema. Baada ya kaburi kufunikwa tulipanga laini ya chakula, pilau na kabeji na nyama ya mbuzi ngumu kama mshipi, na nilikuwa namchunga kijana wa kugawa asinijazie mifupa wakati mama mmoja mnene mwenye kofia aliponishika bega akapiga nduru watu wakageuka. "Si huyu ni Nyambura! Nyambura wa nyongeza!" Akanikumbatia pamoja na sahani yangu. Kumbe alikuwa mmoja wa wale wasichana wa darasa la Mashariki, pale shuleni nilipofanya kazi zamani, siku hizi ana maduka ya dawa mjini Nakuru, akawaita wenzake wawili, nao wana mvi na magoti mabovu, wakaanza kucheka matangani kama watu wasio na mama. Wambui akasogea karibu. Huyu Wambui anasomea mambo ya dawa chuo kikuu, na kama hujasikia bado, basi sijakutana na wewe, kwa maana mimi humtaja hata kwa mtu anayeniuliza njia. "Shosho," akasema, "nyongeza gani hiyo watu wanaicheka kwa kaburi?" Nilimwambia nusu tukirudi nyumbani. Hii hapa ndiyo nzima.

Mwaka wa hiyo nyongeza nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba kitambo, na nilikuwa mpishi katika shule ya wasichana ya bweni huko juu, kati ya Njoro na Molo, mahali baridi inakuuma masikio hata Januari. Jina la shule nitaliacha lilale. Jikoni tulikuwa wanawake watano na sufuria tatu kubwa za kutosha kuogesha ng'ombe, na juu yetu wote alikuwa Mama Kiptoo, mpishi mkuu, mwanamke mwenye mikono kama ya fundi wa mawe na mdomo uliozidi mikono. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa unatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba la moshi. Asubuhi uji, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma wiki, Jumapili wali wenye mawe, na kila siku mtu anakohoa. Wasichana walituita "nyinyi wa jikoni," wote watano jina moja, kama kuku. Nasema haya mtu aelewe kwa nini, siku hedimistresi alipokuja jikoni akashika pua kwa kitambaa akauliza nani hapa anajua kusoma mizani, moyo wangu ulipiga kama mlango wa nyumba isiyo na komeo. Hedimistresi wetu alikuwa Madam Sirma, mrefu, mkavu, viatu vyake vikisikika mtu anatupa kila alichoshika. Alisema yule kijana wa maabara amepata kazi ya reli huko Longonot, ameondoka bila hata kuosha chupa. Mama Kiptoo akaninyooshea mwiko. "Huyu. Anajua kusoma kila kitu, hata uso wangu anausoma halafu ananijibu." Hakuwa ananisifu. Nilikuwa nimemjibu vibaya asubuhi hiyo na alitaka nipotee. Madam Sirma akaniangalia kutoka kwa kilemba mpaka kwa miguu. "Utasaidia maabara mpaka mtihani wa taifa. Hesabu za wasichana zikitoka vizuri nitakuandika kabisa. Zikiharibika utarudi hapa kwa moshi, na sitaki kilio." Nikasema sawa, Madam. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani, hata bwana.

Maabara, sisi tulikuwa tunasema lebu, ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya upande mmoja na harufu ya kiberiti. Nyuma yake kulikuwa na stoo ya chupa, na katika stoo kulikuwa na mizani ya vikombe viwili vya shaba ndani ya sanduku la kioo, kama sanamu ya kanisa la Wakatoliki. Upepo haukuruhusiwa kuigusa. Hata vile vijiwe vyake vidogo vya kupimia havikushikwa kwa vidole, vilishikwa kwa koleo ndogo kama ya kung'oa nyusi. Mwalimu Mbugua alikuwa kijana bado, shati moja la buluu na lingine la buluu, chaki mpaka kwenye nywele. Wengine wangenipa ufagio wakaenda zao. Yeye alinikalisha asubuhi ya kwanza akaniambia, "Nyambura, hapa kazi si kuosha chupa. Kazi ni kujua unatia nini, kiasi gani, ndani ya maji kiasi gani." Akaniuliza trei ya mayai ni mayai mangapi. Nikasema thelathini. "Ya kuku ama ya bata?" Nikasema thelathini ni thelathini, hata ikiwa ya mbuni. "Sasa trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya mbuni, uzito ni mmoja?" Nikamwambia, "Mwalimu, trei ya mayai ya mbuni nani ataibeba?" Akapiga meza kwa furaha. Basi, akasema, kemia ina trei yake, inaitwa moli. Hesabu ya vitu ndani yake ni ile ile daima, lakini uzito unategemea ni mayai ya nani. Ya ile soda kali ya kutengeneza sabuni, ambayo wao wanaiita sodiamu haidroksaidi, unajumlisha vipande vyake: sodiamu ishirini na tatu, oksijeni kumi na sita, haidrojeni moja. Arobaini. Trei moja ya soda kali ni gramu arobaini. Ukiitia ndani ya maji yakafika lita moja, hiyo ni nguvu ya moja. Wasichana walihitaji nguvu ya sehemu moja ya kumi, basi gramu nne kwa lita. Na kwa kuwa darasa moja linamaliza lita tano, ni nne mara tano, gramu ishirini. "Nguvu, mara uzito wa trei, mara lita," akasema, "na hiyo ndiyo sala yako." Nilikuwa naisema nikitembea. Nguvu, trei, lita. Mpaka leo Wambui akiwa na hesabu zake mezani kwangu, anapiga simu yake vidole tap tap, mimi namsemea kwa nyuma: nguvu, trei, lita. Ananiambia, "Shosho, mimi niko mbali sana na hapo." Najua yuko mbali. Nafurahi tu kwamba tulipita njia moja.

Soda kali inakuja kama punje nyeupe, kama njugu zilizopakwa chokaa, na ukiiacha wazi kidogo inaanza kutokwa na jasho kwa sababu inanyonya maji kutoka hewani. Ukiitia majini chupa inapata moto mkononi bila kuni, bila kiberiti, bila kukohoa. Siku ya kwanza niliposhika chupa ile ikinichoma viganja nilicheka peke yangu. Mimi ambaye nilikuwa nimepuliza moto tangu nijue kusimama! Kisha unasubiri ipoe, unaongeza maji mpaka mstari ulio shingoni, unainama jicho lako liwe sawa na mstari, usiangalie kutoka juu kama mtu mwenye kiburi. Yote hayo nilifanya sawasawa, na asikudanganye mtu. Mizani ilisimama ishirini, wala si kumi na tisa wala ishirini na moja. Halafu, baada ya mizani kusimama, nilichukua kijiko nikatia punje kadhaa juu yake. Sasa msomaji wa Molo ameshaelewa na anacheka, lakini wa kwingine lazima nimweleze. Mimi nililelewa sokoni nyuma ya viazi vya shangazi yangu, viazi vya Kuresoi, vikubwa na vyenye udongo mwekundu. Unapima kwa mkebe, unaujaza mpaka ufanye kilima, unamwaga kwa kikapu cha mteja, halafu mkono unarudi kwa rundo unachukua viwili vitatu unamtupia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Hakuna anayekuomba. Mtu akipima mpaka ukingo akaacha hapo, watu wanasema ana roho ya kunguru, na kesho yake biashara yake inalala. Shangazi alikuwa akinipiga kofi mkono ukisahau. Kwa hiyo mkono wangu haukusahau, na haukuambiwa kwamba umehama soko.

Na nyongeza haikuwa sawa kwa kila mtu, hiyo nayo lazima niseme. Sokoni mteja mwenye adabu anaongezwa zaidi, mwenye madharau anapata ya kutoa lawama tu. Kidato cha nne kilikuwa na madarasa mawili, Mashariki na Magharibi. Wasichana wa Mashariki walikuwa watoto wa watu. Wakiingia lebu walinisalimia, "Hujambo, Madam," mimi, Madam! Mmoja aliniletea andazi siku wazazi walipozuru shule, limefungwa kwa gazeti. Wale wa Magharibi walinipita kama kabati. Basi nikichanganya ya Mashariki mkono ulikuwa unashika kijiko kizima, na ya Magharibi ulikuwa unadondosha punje moja mbili, ili Mungu asiseme nilibagua. Niliona hiyo ni haki.

Majibu yakaanza kuwa mabaya. Kazi ya wasichana ilikuwa kudondosha asidi ndani ya hii soda yangu yenye tone la dawa ya waridi, tone kwa tone, mpaka rangi ipotee, halafu kusoma asidi imetumika kiasi gani. Ilitakiwa iwe ishirini na tano. Magharibi walikuwa wanapata ishirini na tano na kitu. Mashariki walikuwa wanapata ishirini na nane, ishirini na tisa, na siku ile baada ya andazi walipata thelathini na moja. Mwalimu Mbugua alikonda. Kwanza aliwagombeza Mashariki kwamba hawaoni rangi. Akawapanga dirishani mchana akiwauliza hii ni rangi gani, hii nayo, kama daktari wa macho. Wakaona rangi zote. Magharibi nao wakaota pembe, wakatembea shule nzima wakijiita wanasayansi, na mmoja akasema kwa sauti kwamba Mashariki warudi nyumbani wakachunge kondoo. Mimi nilisikitika sana kwa ajili ya wale wasichana wangu wazuri, na kwa huruma nikawaongezea zaidi.

Nilikuwa napeleka chai ofisi ya walimu saa nne, na huko ndiko nilikosikia mambo. Mwalimu Mbugua alikuwa amekaa na daftari magotini akisema peke yake. "Soda kali inanyonya maji. Ikikosea, inatakiwa iwe dhaifu. Dhaifu! Hii yangu inakosea kwa kuwa kali. Haiwezekani." Mwalimu wa Biblia, mzee wa skafu ya sufu shingoni, akamwambia labda ni maji ya mto, watu wa huko juu wanaogesha ng'ombe ndani. Mwalimu wa jiografia akasema ni urefu wa mlima, hewa ni nyepesi na mizani inadanganyika. "Kwani mizani ya Magharibi iko bondeni?" Mwalimu Mbugua akamuuliza. "Ni mizani ile ile, chumba kile kile!" Mwalimu wa Biblia akanyonya chai akasema taratibu, "Kijana, umeoa?" "Sijaoa." "Ndiyo hiyo." Nikatoka na birika nikicheka, bila kujua kwamba nacheka kaburi langu. Jikoni nako Mama Kiptoo alikuwa na jibu lake. "Hiyo mizani imelogwa," akaniambia akichota githeri. "Mtu wa reli hakuondoka bure. Wewe shinda huko tu, utarudi na mimba ya chupa."

Mtihani wa majaribio ukaja, Mashariki wakaanguka wote kama mahindi kwenye mvua ya mawe. Madam Sirma alimwita Mwalimu Mbugua ofisini akaacha mlango wazi, na mimi nilikuwa napangusa dirisha la karibu, sikuwa nasikiliza, masikio yalikuwa wazi tu. "Darasa zima, Mwalimu. Binti ya mwenyekiti wa bodi yumo. Mtihani wa taifa ukitoka hivi, utaenda kufundisha mahali ambapo maji yanaletwa kwa ngamia. Na yule msichana wa maabara anarudi jikoni siku hiyo hiyo." Mwalimu akasema, "Nyambura hana makosa, Madam, nimemwona akipima. Mizani inasimama ishirini." Alinitetea kwa kitu alichokiona kwa macho yake, na alikuwa amekiona kweli. Tatizo ni kwamba kila mara mizani iliposimama, yeye alikuwa anageuka kwenda zake ameridhika.

Siku iliyofuata hakugeuka. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya chupa pembeni ya stoo, kichwa mikononi, hana hata nguvu ya kwenda. Mimi nikapima ishirini. Ikasimama. Nikachukua kijiko.

"Nyambura."

"Naam, Mwalimu."

"Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya kijiko."

"Hii? Nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya wasichana." Nilishangaa anauliza. "Ni Mashariki leo. Wana adabu, Mwalimu, mimi hao siwezi kuwapimia mpaka ukingo kama wageni."

Akainuka polepole. "Na Magharibi?"

"Hao ni punje mbili. Ya kutoa lawama."

Alinitazama, akatazama kijiko, akafungua mlango wa nyuma akatoka nje. Nikasikia sauti kama mtu anakabwa. Nikajua analia, nimemuua mtoto wa watu, nikakimbia na kitambaa. Nikampata ameshika ukuta kwa mikono miwili anacheka, machozi yakichora njia kwenye chaki ya uso wake. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Kisha akaacha kucheka, na hiyo ndiyo iliniogopesha. "Keti," akaniambia, nikaketi nyasini. "Sokoni ukipunguza, umeiba, sivyo?" Nikasema ndivyo. "Huku ukiongeza, umeiba. Msichana wa Mashariki anahesabu akiamini ni gramu ishirini. Wewe umempa ishirini na tatu kwa mapenzi, halafu mtihani unamwambia yeye ni mjinga." Hapo ndipo iliniingia. Nilikumbuka wale watoto wamepangwa dirishani wakiulizwa rangi, na yule wa andazi akifuta macho kwa tai ya shule. Kumbe nilikuwa nikiwapenda ndiyo wanaanguka, na wale vichwa ngumu wa Magharibi walikuwa wanapita kwa sababu niliwachukia.

Ilibidi amwambie Madam, kwa maana karatasi zilitakiwa kusahihishwa upya na Mashariki kupewa haki yao. Alimwambia mwenyewe, na mimi nilirudishwa jikoni kabla ugali wa jioni haujasongwa. Lakini aliniombea jaribio moja: Jumamosi nipime mbele ya hedimistresi, yeye achague kitu na kiasi. Nikipita nibaki lebu. Nikikosa, imekwisha. Wiki hiyo nilikuwa mtu wa ajabu. Niliamua kuufundisha mkono adabu mpya, na kwa kuwa sikuwa na mizani, niliufundisha kwa maharagwe. Msichana analeta sahani, natia kijiko kimoja kimenyooka kama kimekatwa kwa kisu, naacha. Mkono unawasha, nauzuia kwa ule mwingine. Laini ikaanza kunung'unika. "We wa jikoni, hii ni chakula ama ni sampuli?" "Ati amerudi na roho ya chupa!" Jioni ya pili waligonga vijiko mezani mpaka Mama Kiptoo akanipokonya mwiko. "Toka hapa! Hapa hatupimi kama dawa ya minyoo! Kwani Mungu alipokupa mkono alikupa na mstari?" Akanipeleka kumenya vitunguu nyuma. Nikakaa huko nikilia, na sababu ya kulia ilikuwepo hapo kwenye beseni, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Lebu nilifukuzwa kwa kuongeza, jikoni nimefukuzwa kwa kutoongeza. Nilifikiria viazi vya Kuresoi na shangazi akinipokea na lile jicho lake. Nikamenya huku nasema, nguvu, trei, lita.

Jumamosi lebu ilikuwa baridi na safi. Madam Sirma alisimama upande wa pili wa mizani, mikono nyuma. Mwalimu Mbugua alisimama karibu na ubao, na nikaona amevaa tai. Dirishani nje kulikuwa na kilemba cha Mama Kiptoo kikijifanya kinatafuta kuni. "Sodiamu kaboneti," Madam akasema, "lita mbili, nguvu ya nusu ya sehemu ya kumi." Hakutaja soda kali niliyoizoea. Aliitafuta nyingine makusudi. Nikachukua chaki. Kwanza nikaigeuza chupa nisome, kwa maana kuna ile kavu na kuna ile iliyoficha maji ndani, na uzito wa trei zao si mmoja. Ilikuwa kavu. Nikaandika: sodiamu mbili, arobaini na sita. Kaboni moja, kumi na mbili. Oksijeni tatu, arobaini na nane. Jumla mia moja na sita. Nusu ya sehemu ya kumi ya mia moja na sita ni tano nukta tatu. Mara lita mbili, kumi nukta sita. Chaki ilinikatikia mara mbili. Nikasema, "Gramu kumi nukta sita, Madam." Nikashika koleo, nikaweka kijiwe cha kumi, nikaweka vile viwili vidogo vyembamba kama magamba ya samaki, nikaanza kutia unga mweupe upande wa pili, kidogo, kidogo, mpaka mshale ukatikisika, ukatikisika, ukasimama katikati. Mkono wangu ulisimama nao. Ndani ya kikombe kile cha shaba unga ulikuwa kidogo sana, kama wa kumdanganya mtoto.

Madam Sirma akainama akachungulia. Uso wake ulikuwa na kitu, kama mtu aliyewekewa chakula kidogo kwa wakwe.

"Hiyo tu?" akasema.

"Hiyo tu, Madam."

"Kwa lita mbili nzima?" Akachungulia tena. Akanitazama, sauti ikashuka. "Inaonekana ni kidogo. Hebu ongeza kidogo juu, isije ikapungukia watoto."

Mwalimu Mbugua akashika ubao. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yake Madam Sirma aliuza mahindi Elburgon miaka yote, na yule Madam mkavu alikua akikaa juu ya magunia. Lakini wakati ule sikujua, nilijua tu kwamba mwenye shule ameniamuru, na kwamba kijiko kiko pale pale karibu na kidole changu. Mkono wangu ulitaka kumtii kuliko ulivyotaka kupumua. Nikauweka nyuma ya mgongo.

"Madam, huku hatuongezi. Mwenye kutaka ya juu, jikoni kuna Mama Kiptoo."

Nje ya dirisha kitu kilianguka, nafikiri ni kuni. Madam Sirma alijinyoosha taratibu, mfupa kwa mfupa. Nikajua nimekwisha, na shangazi ataniona jioni hiyo. Alitazama mizani, akatazama hesabu yangu ubaoni, akatazama mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa umeshatoka nyuma na ulikuwa nusu ya njia kuelekea kwa kijiko. Akaurudisha. "Mwalimu Mbugua," akasema, "huyu aandikwe." Akaondoka, na viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa veranda, na safari hii mimi sikutupa kitu.

Mtihani wa taifa ulifika wiki chache baadaye. Nilipima soda kali ya Mashariki na ya Magharibi mbele ya Mwalimu, ishirini na ishirini, na sikusalimia mtu yeyote asubuhi hiyo nisije nikapenda. Wasichana waliingia, mlango ukafungwa, nami nikabaki stoo nikitazama kwa ufa. Walidondosha asidi tone kwa tone. Waridi ikaanza kupotea, meza ya dirishani kwanza, halafu ya pili, halafu ya nyuma, karibu pamoja, kama taa za mji umeme ukikatika, na vichwa vikainama kusoma. Yule wa andazi alisoma, akasoma tena, akaandika, halafu akatabasamu na karatasi yake. Niliona kutoka pale kwamba ameandika namba fupi. Mwalimu Mbugua alipita nyuma yao mikono mifukoni, na alipofika kwenye ufa wangu akasema kwa pumzi tu, bila kugeuza kichwa, "Ishirini na tano. Pande zote."

Nikavuta stuli nikakaa katikati ya chupa zangu, mikono magotini, saa tano ya asubuhi, nimevaa aproni safi, sina ninachochemsha. Mama Kiptoo akapita nje na ndoo mbili za maji, akaniona kwa dirisha, akaweka ndoo chini.

"Wewe, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona umekaa?"

"Niko kazini," nikamwambia.